REDIO INAPIGA MLUZI UKIKANYAGA MAFUTA? USIIZIBE MDOMO!

Kama umebanwa na mafua, hasa wewe ndugu yangu wa Njombe ambako mwezi wa saba hata maji ya kunywa yanauma meno, basi pole sana. Vuta blanketi la pili, usome taratibu.

Wiki hii naomba tuyaweke kando masuala ya mapenzi. Najua ndiko mlikonizoea, lakini kuna jambo limenikaa rohoni, na nisipolitoa nitakuwa mchoyo. Nazungumzia muziki wa kwenye gari. Ile unawasha redio, unaweka kibao cha nguvu, unakanyaga mafuta, halafu badala ya kusikia besi unasikia "wiiiiii" kama mbu aliyepotelea sikioni. Ukikanyaga zaidi, naye anapandisha. Ukiachia, naye anashuka. Unabaki kujiuliza, hivi huyu msanii alirekodi na filimbi?

Usicheke. Mluzi wa namna hiyo ulikaribia kutuchoma moto mimi, kaka yangu na mama mdogo. Ndiyo, kutuchoma moto, wala sijakosea kuandika. Tulia nikumegee.

KISA CHENYEWE

Kwa asiyepajua, Kifanya ni kata ya huko kwetu Njombe. Ukitoka Njombe mjini ukishika barabara ya kwenda Songea, unaikuta kabla hujafika Madaba. Ni nchi ya viazi, mahindi, parachichi na misitu ya misindano. Ukishuka kwenye gari unasalimiwa "Kamwene!", na ukungu ukiamua kushuka, dereva anaendesha huku ametoa kichwa dirishani.

Huko Kifanya yuko kaka yangu, mtoto wa mama mdogo. Ni kijana mwenzangu, mtanashati, na mjini wanamfahamu. Alinunua Noah ya mkono wa pili, ya petroli, kati ya zile zinazokuja kwa meli kutoka Japani, akawa anapiga mchomoko kati ya Kifanya na Njombe mjini. Hela ya kununulia gari haikuwa yake yote. Sehemu kubwa ilitoka kwa mama mdogo, ambaye aliuza misindano iliyoachwa na marehemu baba mdogo. Makubaliano yalikuwa kwamba kila Jumamosi kaka anapeleka rejesho. Mwanzoni alipeleka bila kukosa.

Tatizo likaanza na muziki. Vijana wa sasa hawapandi gari bubu, si unawajua? Kaka akanunua amplifaya na sabufa, akampa fundi wa pale pale stendi. Jamaa alifunga kila kitu kwa saa mbili, tena huku anaongea na simu. Walipojaribu injini ikiwa imezimwa, mambo yalikuwa bomba kweli kweli, mpaka vioo vikawa vinatetemeka. Walipowasha injini... wiiiiii!

Fundi akasema, "Hiyo ni kawaida ya haya magari, utazoea." Kaka hakuzoea. Akaenda kwa fundi wa pili, akauziwa kidude kinaitwa filta. Mluzi ukapungua kidogo kwa siku mbili, wa tatu ukarudi. Fundi wa tatu akamwambia amplifaya ni ndogo, anunue kubwa. Akanunua kubwa. Lahaula! Mluzi nao ukawa mkubwa.

Wakati huo mama mdogo alikuwa amekaa wiki tatu hajaona rejesho. Akiuliza anaambiwa gari lina matatizo ya umeme. Si uongo, lakini na ukweli wote haukuwa huo.

Mwishowe kaka akagundua dawa yake mwenyewe. Akawa anapandisha sauti mpaka mwisho ili mluzi usisikike. Hiyo ndiyo dawa ya Watanzania wengi, wala si kwa magari tu.

JIONI YA UKUNGU

Ilikuwa Jumamosi mwezi wa saba mwaka jana. Tulitoka Njombe mjini jioni, mama mdogo akiwa ametoka kupima presha. Mbele kaka na mama mdogo, mimi nyuma nimebanana na abiria wawili na gunia la viazi lililoshonwa kilemba cha lumbesa. Nje ukungu mzito. Muziki juu.

Mama mdogo akasema, "Mwanangu, kuna kitu kinaungua."

Kaka akajibu, "Wanachoma mkaa huko porini, mama."

Tukaenda kidogo. Mama mdogo akarudia, safari hii kwa sauti ya kumshinda msanii, "Nakwambia kuna kitu kinaungua miguuni kwangu!"

Hapo moshi ulikuwa umeshaanza kutoka chini ya kapeti. Kaka akasimamisha gari pembeni, akazima kila kitu, akafungua boneti na kuchomoa waya wa betri. Sisi tukatoka. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba mimi nilitoka mbio kuliko abiria wote, mama mdogo nikamwacha nyuma. Hilo bado ananisema mpaka leo.

Tulipoinua kapeti kwa mwanga wa simu tukaona maajabu. Zile nyaya za RCA, zenye vichwa vyekundu na vyeupe, zinazobeba sauti kutoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya, zilikuwa zimeyeyuka na kugandana na kapeti. Fyuzi haikukatika hata moja! Dakika kumi zaidi, na kapeti lenyewe lingeshika moto, petroli iko chini yetu, na nje huoni hata mti wa kukimbilia.

Mama mdogo hakupiga kelele. Alijifunga khanga vizuri kwa sababu ya baridi, akasema maneno machache tu, "Ile miti ya baba yenu ilichukua miaka kumi na tano kukua. Ninyi mnataka kuichoma kwa wimbo mmoja?"

Hakuna aliyejibu. Ungejibu nini?

MZEE WA MAKAMBAKO

Jumatatu tuliliendesha gari bila muziki mpaka Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Tulielekezwa kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari, ambaye gereji yake ni mti, benchi na sanduku la vifaa. Tukamwamkia, akaitika, akasikiliza kisa chote bila kugusa gari. Halafu akauliza swali moja.

"Waya wa hasi wa hiyo amplifaya umefungwa wapi?"

Kaka akanitazama, mimi nikamtazama mzee. Wote hatukujua. Mafundi watatu waliopita hakuna aliyeuliza hilo.

Mzee akaingia nyuma, akafunua, akacheka peke yake. Waya wa hasi, ule mweusi, ulikuwa umebanwa na bolti ya kiti, juu ya rangi, na chini ya rangi kuna kutu. Tena ulikuwa mwembamba kuliko wa chanya. Akaushika kwa vidole viwili, ukazunguka.

Sasa sikiliza alivyonifafanulia, mimi niliyepata D ya Fizikia, nikaelewa.

Umeme wa gari unatoka betri kwa waya wa chanya, unafanya kazi kwenye amplifaya, halafu lazima urudi. Njia ya kurudi ni bodi ya gari, yaani bati lenyewe. Ndiyo maana waya wa hasi unafungwa kwenye bodi. Rangi na kutu havipitishi umeme vizuri. Umeme wa kurudi ukikuta mlango umebanwa, hautulii kusubiri. Unatafuta njia nyingine. Na njia iliyokuwepo ilikuwa zile nyaya za RCA, kwa sababu kile kifuniko cha nje cha RCA kimeungana na hasi ya redio kule mbele. Kwa hiyo umeme wa sabufa nzima ulikuwa unarudi kupitia kijiwaya kilichotengenezwa kubeba sauti tu. Kikapata moto, kikayeyuka. Fyuzi haikukatika kwa sababu kwake yeye umeme haukuzidi kipimo, ulipita tu njia isiyo yake.

Na mluzi? Mluzi ulikuwa ndio taarifa ya jambo hilo hilo. Ulipiga kelele miezi miwili mizima, sisi tukapandisha sauti.

MLUZI UNATOKA WAPI HASA?

Chini ya boneti kuna alteneta, ile inayochaji betri wakati injini inazunguka. Umeme wake wa kwanza ni wa kwenda na kurudi, kama msumeno wa watu wawili. Betri haitaki umeme huo, inataka wa kwenda upande mmoja. Kwa hiyo ndani ya alteneta kuna vidude vinaitwa daiodi, kwa kawaida sita au zaidi, vinavyounyoosha. Lakini haunyooki ukawa kama rula. Unabaki na vijiwimbi juu yake.

Chukua alteneta yenye poli 12. Kila ikizunguka mara moja inatoa vijiwimbi 36. Injini ikiwa imetulia kwa mizunguko 900 kwa dakika, na alteneta ikizunguka mara mbili na nusu zaidi ya injini, unapata vijiwimbi 1,350 kwa sekunde. Kanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,000, vinakuwa 3,000 kwa sekunde. Ndiyo maana mluzi unapanda na mguu wako. Na kwa bahati mbaya, sauti ya vijiwimbi 3,000 kwa sekunde iko pale pale ambapo sikio la binadamu lina ukali kuliko kwingine kote. Hata ukiwa mdogo utausikia tu.

Vijiwimbi hivyo vipo kwenye kila gari, hata la waziri. Swali ni kwa nini kwako vinaingia kwenye spika. Mara nyingi jibu ni kwamba redio mbele imefungwa hasi sehemu moja na amplifaya nyuma sehemu nyingine, na sehemu hizo mbili hazilingani. Wewe uliyelima vinyungu utanielewa haraka. Ukiwa na visima viwili, kimoja maji yako juu kidogo kuliko kingine, halafu ukaviunganisha kwa mpira, maji yatatembea kwenye mpira. Mpira hapa ni zile nyaya za RCA, na maji yanayotembea yamebeba vijiwimbi vya alteneta. Amplifaya haijui kipi ni wimbo na kipi ni uchafu. Inakuza vyote.

Usidhani ni tabu ya Kifanya peke yake. Mwaka 1930, huko Marekani, mtu aitwaye Paul Galvin na wenzake walipokuwa wanatengeneza redio ya gari waliyoipa jina la Motorola, moja ya mitihani mikubwa ilikuwa kelele za injini, hasa cheche za plagi. Walihangaika nazo mpaka wakapata namna ya kuzipunguza. Mmoja wa vijana waliohangaika naye ni Elmer Wavering. Cha kuchekesha ni kwamba miaka mingi baadaye Wavering huyo huyo, akiwa na kampuni hiyo hiyo, alihusika na kazi ya kutengeneza alteneta za magari. Ametusaidia kuondoa kelele moja, akashiriki kutuletea nyingine!

MTAFUTE MWIZI KABLA YA KUNUNUA MBWA

Haya, twende kazini. Kabla hujatoa hata shilingi, fanya haya ukiwa umeegesha mahali pa wazi.

Kwanza, washa redio bila kuwasha injini. Kama kelele ipo, usiisingizie injini, tafuta kwingine. Kama inakuja injini ikiwaka tu, endelea.

Pili, sikiliza ni kelele gani. Ikiwa ni "wiiiii" inayopanda na kushuka na mafuta, hiyo ni njia ya alteneta. Ikiwa ni "tik-tik-tik" inayoharakisha na injini, hiyo ni cheche za plagi, na utaipata kwenye gari la petroli tu, maana dizeli haiwaki kwa plagi za cheche. Ikiwa ni mvumo usiobadilika hata ukanyage vipi, shuku pampu ya mafuta ndani ya tangi.

Tatu, punguza sauti mpaka mwisho. Mluzi ukipungua pamoja na muziki, basi unaingia mwanzoni kabisa, kwenye simu, chaja, antena au redio yenyewe. Ukibaki vile vile, unaingia baada ya hapo, kwenye nyaya za RCA, amplifaya au nyaya za spika.

Nne, chomoa chaja ya simu. Usinicheke! Simu ikiwa inachajiwa kwenye gari na wakati huo huo imeunganishwa na redio kwa waya, umeshatengeneza vile visima viwili na mpira bila kujua. Vile vidude vya bei ya chini vinavyochomekwa kwenye tundu la kiwashio cha sigara ili vitoe Bluetooth na kurusha muziki kwenye FM navyo vina kelele zao vyenyewe. Ukichomoa na mluzi ukafa, kesi imekwisha, nenda kalale.

Tano, zima kila kitu, chomoa RCA kwenye amplifaya, kisha washa tena. Mluzi ukitoweka, unaletwa na nyaya hizo. Ukibaki, tatizo liko kwenye amplifaya, umeme wake au nyaya zinazokwenda kwenye spika.

Sita, angalia kama kelele ipo kwenye stesheni za redio tu. Kama kwenye simu au flashi hakuna, tazama antena, hasa pale inapofungwa kwenye bodi. Na hapa kuna jambo letu sisi wa magari ya Japani. Redio nyingi za kule zimetengenezwa kuanzia 76 mpaka 90, za karibuni zaidi zinafika 95, wakati stesheni zetu zinakwenda mpaka 108. Ndiyo maana wengi mmefungiwa kile kiboksi cha kuhamisha masafa nyuma ya redio. Kiboksi hicho nacho kinatumia umeme na hasi. Kikining'inizwa hovyo hovyo, kinakusanya kelele zote za gari na kukuletea sebuleni.

DAWA YENYEWE

Mzee wa Makambako alitumia spana, msasa, waya mnene na saa tatu. Hakutuuzia filta.

Alianza kwa kuchomoa hasi ya betri. Akatafuta sehemu nzito ya bodi, mbali na bolti za mikanda ya usalama, ambazo kazi yake ni kuokoa maisha na si kupitisha umeme. Akaikwangua mpaka bati likang'aa kama sarafu mpya. Akafunga hasi ya amplifaya kwa waya mnene sawa na wa chanya, mfupi usiozidi nusu mita, akakaza na kupaka grisi juu ili kutu isirudi. Kisha akaenda mbele akafanya hivyo hivyo kwa hasi ya redio, akasafisha vichwa vya betri, na akakaza ule waya unaounganisha injini na bodi. Wengi huo hamjui hata kama upo!

Halafu akazitenganisha nyaya. Fundi wa stendi alikuwa amezifunga RCA na waya mkubwa wa umeme pamoja kwa tepu, zikatembea kama wachumba kutoka mbele mpaka nyuma. Mzee akaweka RCA mpya upande wa kushoto na waya wa umeme upande wa kulia. "Zikilazimika kukutana," alisema, "zikatane kama njia panda, zisitembee sambamba."

Akaangalia fyuzi. Kwenye waya mkubwa wa chanya fyuzi inatakiwa ikae karibu kabisa na betri, ndani ya nusu mita. Ya kaka ilikuwa nyuma, jirani na amplifaya. Maana yake waya ukichubuka popote katikati ukagusa bodi, hakuna wa kuuzuia. Ikahamishwa.

Kisha akapima alteneta kwa mita. Injini ikiwa inazunguka, magari mengi yanasoma volti 13.8 mpaka 14.4 hivi kwenye betri. Akageuza mita kwenye umeme wa kwenda na kurudi. Hapo inatakiwa isome kidogo sana. Ikizidi nusu volti, shuku daiodi imekufa, na hapo dawa ni kutengeneza alteneta, maana siku si nyingi itakuacha porini na betri tupu. Ya kaka ilikuwa nzima.

Mwisho kabisa akashusha ile skrubu ya nguvu kwenye amplifaya. Vijana mnaipandisha mpaka mwisho mkidhani ndiyo muziki utalia. Ile haiongezi nguvu, inaongeza usikivu, na inasikiliza uchafu pia.

Kwa wale wa "tik-tik-tik", tazama plagi na nyaya zake. Weka plagi zenye kizuia kelele ndani, ambazo kwa NGK zina herufi R kwenye namba yake, na badilisha nyaya za plagi zilizochakaa.

Na filta je? Si haramu. Filta kwenye waya wa umeme wa redio, au kile kiboksi kinachokaa katikati ya RCA, vinafanya kazi. Lakini ni vya mwisho, baada ya hayo yote kufanyika na bado kukabaki kidogo. Tena viboksi vya bei poa vinakula besi. Ukianza navyo umefanya kama kaka, umeziba mdomo wa anayekuambia nyumba inaungua.

ONYO MOJA KALI

Kuna mafundi ambao wakitaka kujua kama alteneta ni nzima wanachomoa waya wa betri injini ikiwa inazunguka. Ukimwona anaelekea huko, mshike mkono! Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka na zinaweza kuua daiodi, redio na kompyuta ya gari kwa mpigo. Mwambie atumie mita. Akikasirika, na akasirike, gari si lake.

NA KAKA JE?

Mzee alipomaliza akamwambia kaka awashe. Kaka akawasha, akaweka muziki, akakanyaga mafuta. Kimya, msomaji wangu! Muziki mtupu. Kaka akacheka kama mtoto aliyepewa andazi. Halafu akachomeka simu yake kwenye chaja na waya wa muziki kwenye redio... wiiii, kwa mbali. Mzee akanyoosha mkono, akachomoa chaja, akamkabidhi bila kusema neno. Mimi nikacheka mpaka machozi.

Malipo ya mzee hayakufika hata nusu ya hela zilizokwenda kwa wale watatu. Ile amplifaya kubwa kaka aliiuza, akabaki na ndogo ambayo kumbe ilikuwa inatosha tangu mwanzo. Hela ikaenda moja kwa moja kwa mama mdogo, kufidia zile Jumamosi tatu. Tangu hapo rejesho halijakosekana.

Mama mdogo alihesabu, akafunga kwenye pindo la khanga, akauliza, "Na ile filimbi?"

Kaka akasema imekwisha.

"Ikirudi," akamwambia, "usipandishe muziki. Simamisha gari."

Sina la kuongeza hapo, mpenzi msomaji. Leo ukitoka kazini, tafuta dakika tano, inua kapeti la gari lako uone waya mweusi umefungwa wapi. Kama uko kwenye gari la watu na unasikia mluzi, mwambie suka kwa upole, asije akakushusha njiani na baridi hii.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tunarudi kwenye mapenzi. Mpaka hapo, uwe na wiki njema.